Kulinda aloi za magnesiamu zisiliwe na kutu: kuanzia kusafisha uso hadi kufunga bolti

Fungua bolti ya chuma iliyokaa miezi kadhaa kwenye kifuniko cha magnesiamu kisichokingwa, mahali penye unyevu na chumvi. Bolti yenyewe utaikuta nzima, hata meno yake bado yanang'aa. Lakini kuzunguka kichwa chake kuna pete ya unga mweupe, laini kama chaki iliyosagwa. Futa unga huo kwa kidole na utaona metali imechimbika kama kikombe, na ukingo wa tundu umelegea kiasi kwamba bolti haina tena pa kushika. Sentimita tano kutoka hapo, kifuniko kilekile kiko salama.

Picha hiyo inaeleza karibu kila kitu kuhusu ugonjwa huu. Magnesiamu haioshwi tu na mvua ikaisha. Huliwa pale inapogusana na metali nyingine, pale uso wake ulipochafuliwa, na pale maji yanapotuama. Ndiyo maana nasisitiza tangu mwanzo kwamba kupaka ni hatua ya mwisho ya kinga. Kazi nyingi nilizoona zikiharibika ziliharibika kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Kwa nini huliwa upesi

Magnesiamu ina uzito wa gramu 1.74 kwa sentimita moja ya ujazo. Alumini ina 2.70, na chuma cha pua ni karibu 8. Wepesi huo ndio unaoipeleka kwenye nyumba za gia za helikopta, usukani wa magari, fremu za kamera na maganda ya kompyuta za mkononi. Gharama yake ni kwamba katika metali zote tunazotumia kujengea, hakuna inayotoa elektroni zake kwa wepesi kama hii. Kipimo sanifu cha wepesi huo wa kutoa elektroni kwake ni volti -2.37, wakati kwa zinki ni -0.76 na kwa chuma -0.44. Metali mbili zikigusana ndani ya maji yenye chumvi huwa betri, na katika betri hiyo magnesiamu ndiyo inayolipa.

Alumini nayo ni metali yenye hamaki, ila hujifunika utando mgumu wa oksaidi unaoziba vizuri. Oksaidi ya magnesiamu ina ujazo mdogo kuliko metali iliyoizaa, takribani asilimia 81 tu, kwa hiyo haitoshi kufunika uso wote na inabaki na nyufa. Ikikutana na maji hugeuka haidroksaidi, na hiyo hudumu tu kwenye mazingira ya alkali, pH ya 11 hivi kwenda juu. Maji ya mvua, jasho la mkono na maji ya bahari yote yako chini ya hapo. Ayoni za kloridi kutoka kwenye chumvi huuvunja utando huo vipande vipande, na kila mahali unapovunjika magnesiamu hula maji na kutoa gesi ya haidrojeni. Ukiweka kipande kitupu kwenye glasi ya maji ya chumvi utayaona mapovu kwa macho.

Tabia hii ya kupenda alkali na kuchukia asidi ikumbuke, kwa sababu ndiyo inayoongoza uchaguzi wa sabuni, wa praima (koti la kwanza chini ya rangi) na hata wa rangi huko mbele.

Ijue aloi kabla ya kuigusa

Uliza jina la aloi na karatasi yake ya vipimo vya kemia. AZ91D ndiyo ya kawaida kwa vitu vilivyomiminwa kwenye kalibu kwa shinikizo: ina alumini karibu asilimia 9 na zinki chini ya asilimia 1. AM60B huchaguliwa panapohitajika kupinda bila kuvunjika. AZ31B ndiyo ya mabati na mapande yaliyosukumwa. WE43, yenye itriamu na metali adimu, hustahimili joto na kutu kuliko hizo, na bei yake inaonyesha hivyo.

Kinachoamua zaidi, hata hivyo, ni uchafu uliomo ndani. Chembe kidogo sana za chuma, nikeli na shaba zikiwa ndani ya aloi hufanya kazi ya bolti ndogondogo elfu, kila moja ikiila magnesiamu iliyoizunguka. Katika AZ91D mpaka uliowekwa ni chuma kisizidi asilimia 0.005, nikeli 0.002 na shaba 0.030. Manganizi huongezwa makusudi ili kukamata chuma na kukipunguzia makali. Aloi safi ya namna hii hustahimili ukungu wa chumvi mara nyingi zaidi kuliko ndugu zake wa zamani wenye jina linalofanana. Ukipewa kipande kilichomiminwa kutoka mabaki yaliyoyeyushwa bila kupimwa, hakuna koti la kinga litakalokiokoa kwa muda mrefu. Kiweke mahali pakavu au kikatae.

Usalama, na hapa usiharakishe

Kipande kikubwa cha magnesiamu hakishiki moto kirahisi, maana joto husambaa mwilini mwake upesi. Kinapaswa kukaribia kiwango cha kuyeyuka, nyuzi 650 za Selsiasi. Vumbi la msasa na vinyoleo vyembamba ni habari nyingine kabisa. Vikishika moto, usimwagie maji, kwa sababu magnesiamu inayowaka huyavunja maji na kutoa haidrojeni. Gesi ya kaboni dioksaidi ya kizimamoto cha kawaida nayo huendelea kuulisha moto. Weka karibu mchanga uliokauka kabisa au kizimamoto cha unga cha daraja D, na uviweke kabla hujaanza kazi.

Usisugue magnesiamu kwa jiwe au diski iliyotumika kwenye chuma. Cheche na vumbi la kutu ya chuma likichanganyika na vumbi la magnesiamu huwaka kwa joto kali mno, na chuma kinachobaki kwenye uso kitakuletea kutu baadaye. Vumbi lililoloa usilifungie kwenye chombo kisichopumua, maana hutoa haidrojeni taratibu usiku kucha.

Kuhusu asidi ya haidrofloriki, ambayo viwanda huitumia kuandaa uso: hupenya ngozi hadi mfupani na maumivu yake huweza kuchelewa. Kama huna mafunzo, vifaa kamili na jeli ya kalsiamu glukoneti mkononi, iache. Zipo njia nyingine.

Hatua ya 1: Rekebisha umbo

Kabla ya kemikali yoyote, kishike kipande ukigeuzegeuze. Maji yakiingia hapa yatatokea wapi? Mfuko usio na tundu la kutolea maji utoboe tundu, kama michoro inaruhusu. Kona kali ziviringe walau milimita 1, kwa sababu rangi ikiwa mbichi hukimbia ncha na kubaki nyembamba mahali palepale panapogongwa kila siku. Ondoa vijinyama vilivyobaki kutoka kwenye kalibu. Utoboaji wote na ukataji wa meno ya bolti umalizike sasa, maana tundu litakalotobolewa baada ya kupaka ni mlango ulioufungua mwenyewe.

Usiandike alama kwa penseli. Grafaiti ya penseli ni kathodi hodari dhidi ya magnesiamu, yaani ule upande wa betri usioliwa bali unaoufanya mwingine uliwe, na nimeona mstari wa penseli ukichoreka upya kwa kutu chini ya rangi, herufi kwa herufi. Tumia kalamu ya wino unaofutika kwa kiyeyusho.

Hatua ya 2: Ondoa mafuta, kisha osha kwa alkali

Anza na kiyeyusho cha kutoa grisi, ukibadilisha kitambaa mara kwa mara. Kitambaa kilekile kinachozunguka kipande kizima huhamisha mafuta tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kinachofuata ni alkali ya moto, na hapa magnesiamu inakurahisishia kazi: soda kali ambayo ingeila alumini haiidhuru. Mchanganyiko uliozoeleka ni gramu 60 za sodiamu haidroksaidi na gramu 10 hivi za fosfeti ya sodiamu kwa kila lita ya maji, nyuzi 90, dakika 5 hadi 10. Vaa miwani inayofunika macho pande zote na glavu ndefu. Chunguza kwanza kama kuna vichomekwa vya alumini ndani ya kipande, kwa maana hivyo vitaliwa. Alkali hiyohiyo hulainisha rangi nyingi za zamani, kwa hiyo mara nyingi utaondoa mafuta na rangi kwa pamoja.

Suuza kwa maji mengi, kisha fanya jaribio la maji. Mwagia kipande maji safi ukiinamishe. Maji yakitanda kama shuka moja isiyokatika kwa nusu dakika, uso ni safi. Yakijikusanya matone au kuacha madoa makavu, bado kuna mafuta, hata kama jicho linakuambia pamesafika. Rudia. Hakuna jaribio la bei rahisi kuliko hili katika kazi nzima, wala lenye faida zaidi.

Hatua ya 3: Vua ngozi ya juu kwa asidi

Alkali huondoa mafuta. Haiondoi chuma kilichojichomeka kwenye uso, dawa ya kalibu wala oksaidi nene. Hivyo huvuliwa pamoja na ngozi nyembamba ya metali yenyewe.

Mchanganyiko ninaoupenda kwa mabati na kwa vipande vilivyotiwa joto ni wa asidi ya asetiki na nitreti ya sodiamu: mililita 190 hivi za asidi safi ya asetiki na gramu 50 za nitreti, ukijaza maji hadi lita moja. Tia asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Kwa joto la kawaida la chumba, nusu dakika hadi dakika moja hutosha, na huondoa maikromita (sehemu za elfu za milimita) 12 hadi 25. Metali itachemka mapovu. Hiyo ni haidrojeni, kwa hiyo hewa ipite na moto usiwe karibu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha taka cha aloi ileile. Matundu ya beringi na nyuso zenye vipimo vya karibu zizibe, kwa sababu maikromita 25 kila upande ni 50 kwenye kipenyo.

Aloi zenye alumini nyingi, kama AZ91D, huweza kutoka kwenye asidi zikiwa na masizi ya kijivu cheusi. Ni sehemu zenye alumini zilizobaki baada ya magnesiamu kuliwa. Usipake juu yake. Rudisha kipande kwenye alkali ya moto kwa muda mfupi, suuza, na masizi yataachia.

Hapa ndipo nilipojifunza somo lililonigharimu. Niliwahi kupeleka nyumba ya gia kwenye karakana moja ipigwe mchanga ili rangi ya zamani itoke. Ilirudi ikiwa nzuri kuitazama, ya kijivu sawasawa, kavu. Niliifuta kwa kitambaa chenye unyevu nikaiacha usiku kucha. Asubuhi uso mzima ulikuwa na vitone vyeusi, maelfu, kila kimoja na duara jeupe pembeni. Mashine ile ilikuwa imetumika kusafishia chuma, na punje zake zilikuwa zimepanda chembe za chuma kwenye magnesiamu kama mbegu shambani. Niliiokoa kwa kuivua maikromita 50 kwa asidi, na baadhi ya vipimo vikapotea.

Tangu hapo kanuni yangu ni hii: ukilazimika kupiga, tumia oksaidi ya alumini mpya au shanga za kioo, ndani ya kabati ambalo halijawahi kuona chuma, na baada ya hapo ni lazima asidi ifuate. Brashi za waya wa chuma zisiguse kabisa. Tumia za nailoni au msasa mpya wa oksaidi ya alumini.

Suuza upesi na kwa wingi, la mwisho liwe suuzo la maji yaliyoondolewa madini. Kama kinafuata beseni jingine, kipande kihame kikiwa bado kimeloa.

Hatua ya 4: Tabaka la kemikali au la umeme

Rangi peke yake haishiki vizuri kwenye magnesiamu tupu. Kukiwa na unyevu chini yake, uso hutoa alkali na haidrojeni, na rangi huinuka malengelenge. Kwa hiyo tunaibadilisha kwanza ngozi ya metali iwe kitu kitulivu zaidi, kinachoshika.

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa kromati, yaani chumvi za kromiamu. Kipande kilichovywa kwenye daikromati kilitoka na rangi ya shaba au dhahabu, na tabaka hilo lilikuwa na sifa ya ajabu ya kujiponya: ukikwaruza, kromiamu iliyobaki ndani yake ilisogea kuziba mkwaruzo. Lakini kromiamu ya valensi 6 husababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006, na kuanzia Septemba 2017 kutumia trioksaidi ya kromiamu huko kunahitaji idhini maalumu. Bado utaikuta kwenye vitabu vya zamani vya matengenezo ya ndege. Kama huna karakana yenye kibali na mtambo wa kutibu maji yake machafu, usiianzishe.

Mbadala zake za kuchovya zina msingi wa zirkoniamu au titani pamoja na floraidi, fosfeti na permanganeti, au chumvi za seriamu. Nitakuwa mkweli: hakuna hata moja niliyoiona ikifanya kazi ya kromati peke yake bila rangi juu. Chini ya praima nzuri, hata hivyo, zile za zirkoniamu hufanya vizuri sana. Tabaka lake ni jembamba mno, chini ya maikromita moja, halibadilishi vipimo na halihitaji umeme. Nunua iliyotengenezwa mahususi kwa magnesiamu, siyo kwa alumini tu, na fuata pH, joto na dakika za mtengenezaji kwa saa mkononi. Ukipitiliza muda, tabaka huwa unga na rangi itabanduka nalo. Kausha kwa hewa ya uvuguvugu, usiguse kwa mikono mitupu, na upake praima siku hiyohiyo.

Kwa kinga ya juu zaidi kuna anodaizi, yaani kuotesha tabaka la oksaidi kwa umeme ndani ya beseni la kemikali. Kosa moja nalisikia mara nyingi: mtu anapeleka kipande cha magnesiamu kwa anodaizi ya alumini. Beseni lile lina asidi ya salfuriki, na kipande kitayeyuka kwa mapovu mbele ya macho yake. Magnesiamu ina mabeseni yake. Ya zamani ni HAE, yenye alkali, na Dow 17, yenye floraidi na daikromati. Ya kisasa ni uoksidishaji wa plazma, na kama bajeti inaruhusu, hiyo ndiyo ningekushauri kwa kitu kitakachokaa nje.

Kipande hutundikwa kwenye maji ya alkali yaliyopoozwa, yenye potasiamu haidroksaidi pamoja na silikati, fosfeti au floraidi, kisha volti hupandishwa hadi mia kadhaa, kwa kawaida kati ya 200 na 500. Tabaka la kwanza hushindwa kuzuia umeme huo na cheche ndogo huanza kucheza juu ya uso, mamilioni kwa mamilioni, kipande kizima kikimeta ndani ya maji. Kila cheche huyeyusha nukta moja na kuigandisha papo hapo kuwa kauri: oksaidi ya magnesiamu ikichanganyika na silikati au fosfeti kutoka kwenye maji. Matokeo ni tabaka gumu la maikromita 5 hadi 30, lililochipuka kutoka kwenye metali yenyewe, kwa hiyo halibanduki kama rangi.

Mambo mawili tu yanalishinda. Kwanza, kila cheche huacha tundu, na baadhi ya matundu hayo yana njia ya kufika chini. Kauri hii bila kuzibwa hupunguza tu mwendo wa maji. Pili, mahali pa kutundikia hapapati tabaka. Chagua mwenyewe mahali hapo pawe pa ndani, pakavu, na umwambie fundi kwa maandishi. Kitundikio kiwe cha alumini au magnesiamu na kibane sawasawa, kwa kuwa mguso uliolegea huunguza kipande.

Njia ya tatu ni nikeli inayojishikiza bila umeme, baada ya tabaka la kati la zinki na shaba au baada ya kuandaliwa kwa floraidi. Hutoa uso mgumu, unaong'aa na kupitisha umeme, jambo linalotakiwa kwenye maganda ya vifaa vya elektroniki. Mimi huiogopa kwa kitu cha nje. Zinki juu ya chuma hujitoa mhanga ili chuma kipone. Nikeli juu ya magnesiamu hufanya kinyume. Tundu moja kama la sindano likifika chini, uso mzima wa nikeli huwa kathodi, na nukta ile ya magnesiamu hubeba mzigo wote. Utaona ganda linang'aa huku ndani pamekuwa pango. Itumie tu kwa kitu kinachokaa ndani, pakavu.

Hatua ya 5: Ziba vinyweleo

Hatua hii huachwa na wengi, na ndiyo inayotofautisha kazi ya mwaka mmoja na ya miaka kumi. Vipande vilivyomiminwa vina vinyweleo vyake vya asili, na kauri ya plazma ina vyake. Nyumba za gia za helikopta zimelindwa hivi kwa muda mrefu, na utaratibu unaigika kwenye karakana yenye oveni nzuri.

Pasha kipande hadi nyuzi 200 au 220 ili unyevu wote utoke vinyweleoni. Kiache kipoe hadi nyuzi 60 hivi, kikiwa bado cha uvuguvugu, kisha ukichovye au ukipulizie resini nyembamba ya epoksi ya kuoka. Kipande kinapoendelea kupoa hewa iliyo ndani ya vinyweleo husinyaa na kuvuta resini iingie. Acha ichuruzike, geuza kipande isitengeneze matone, kisha oka. Rudia hadi makoti 3, unene wa jumla ukiwa karibu maikromita 25. Koti la mwisho lioke muda mrefu zaidi, kama karatasi ya resini inavyosema.

Angalia kwanza aloi yako ilikazwa kwa njia gani. AZ31B iliyokazwa kwa kuviringishwa hupoteza nguvu ikizidi nyuzi 150 hivi. Hiyo izibe kwa resini inayokauka kwa joto la chumba.

Hatua ya 6: Praima na rangi

Kumbuka alkali. Chini ya mkwaruzo wowote, magnesiamu itazalisha alkali kali, na rangi za mafuta za alkidi hugeuka sabuni zinapokutana nayo. Praima iwe ya epoksi ya vijenzi viwili. Makoti mawili membamba, maikromita 20 hadi 25 kila moja, ni bora kuliko moja nene, kwa kuwa vitundu vya koti la kwanza havilingani na vya la pili. Kabla ya kila koti, paka praima kwa brashi kwenye kingo, mizizi ya kona na midomo ya matundu. Juu yake weka poliurethani, ambayo hustahimili jua. Epoksi ikiachwa juani huchakaa na kuwa kama chaki.

Rangi ya unga inafaa pia, na ugumu wake ni gesi. Hewa iliyonaswa ndani ya kipande kilichomiminwa hutoka wakati wa kuoka na kutoboa koti lililoanza kuyeyuka. Oka kipande kitupu kwanza, nyuzi 10 hadi 20 juu ya joto la kukaushia unga, kikae mpaka kipate joto lote, kisha ndipo upulizie unga. Chini yake bado panahitajika tabaka la kemikali.

Hatua ya 7: Kufunga

Turudi kwenye bolti ya mwanzo. Kipande kilichopakwa vizuri namna gani huharibiwa kwa dakika mbili na spana, koti likisagwa chini ya kichwa cha bolti.

Washa, ile pete bapa ya chini ya kichwa cha bolti, iwe ya aloi ya alumini ya mfululizo wa 5000 au 6000, pana, ipite ukingo wa kichwa cha bolti kwa milimita 5 hivi kila upande, ili tone la maji lisiweze kugusa bolti na magnesiamu kwa wakati mmoja. Ile ya 5000 naipendelea, kwa sababu inavumilia zaidi alkali inayozalishwa hapo. Alumini yenye shaba, ile ya 2000, usiitumie. Bolti ya chuma iwe na zinki. Ya chuma cha pua tupu ni adui, maana kung'aa kwake kunatokana na utulivu unaoifanya kathodi. Nyuzi za kaboni nazo zichukulie kama shaba: zitenganishe na magnesiamu kwa tabaka la fiberiglasi au silanti (gundi laini ya kuzibia).

Funga silanti ikiwa bado mbichi: paka silanti isiyo na kloridi ndani ya tundu, chini ya washa na kwenye meno, kisha kaza mpaka itokeze kidogo pande zote. Usifute yote iliyotokeza. Laza iwe mteremko wa kumwaga maji. Usibane ngozi, mbao wala sponji dhidi ya magnesiamu, kwa maana hushika unyevu.

Kupima kazi yako

Andaa vibao viwili au vitatu vya aloi ileile, vipite kila beseni pamoja na kazi yenyewe. Unene upime kwa kifaa cha mkondo wa eddi, kwa sababu kile cha sumaku hakifanyi kazi hapa. Mshiko upime kwa kukata vimiraba na kubandua kwa utepe, kama ISO 2409 inavyoeleza. Kisha chora msalaba hadi kwenye metali na uweke kwenye ukungu wa chumvi wa ASTM B117, asilimia 5 ya chumvi kwa nyuzi 35, ukipima kutu imetambaa milimita ngapi kutoka kwenye mchoro. Jaribio hilo ni kali kwa magnesiamu kuliko maisha halisi, kwa kuwa halina kipindi cha kukauka. Lichukulie kama njia ya kulinganisha koti na koti. Saa zake usizigeuze miaka.

Kama huna mashine, zipo njia za mezani. Zamisha kibao kwenye maji ya chumvi chini ya faneli iliyogeuzwa, juu yake silinda ya vipimo iliyojaa maji, ukusanye haidrojeni. Kila mililita 1 ya gesi ni takribani miligramu 1 ya magnesiamu iliyoliwa. Ukiandika namba hiyo kila siku kwa wiki moja, utajua koti lipi linadanganya.

Matunzo na mikwaruzo

Osha kwa maji safi na sabuni isiyo na asidi. Dawa za kung'arishia rimu zenye asidi zitapenya kwenye kila mkwaruzo. Mkwaruzo uliofika kwenye metali ushughulikie wiki hiyohiyo, kwa sababu kutu ya magnesiamu hutambaa chini ya rangi kama nyuzi, na ukiona lengelenge tayari imeshakwenda mbali kuliko unavyoona.

Sugua kwa msasa mpya hadi rangi inayoshika kweli, ukizidisha sentimita moja kuzunguka. Chimba unga mweupe wote kwa kijiti cha plastiki. Ukibaki hata kidogo ndani ya shimo, una chumvi, na chumvi hiyo itafanya kazi chini ya rangi mpya kama ilivyofanya chini ya ile ya zamani. Suuza kwa maji yaliyoondolewa madini, kausha kwa hewa ya moto hadi shimo lenyewe likauke, siyo uso tu. Paka dawa ya tabaka la kemikali ya kutumia kwa brashi, iliyotengenezwa kwa magnesiamu, kwa dakika zilizoandikwa. Halafu praima ya epoksi mara mbili, ukijaza shimo katika koti la pili, na rangi ya juu ikivuka kingo za praima kwa nusu sentimita.

Ukimaliza hapo, ifungue bolti iliyo karibu na mkwaruzo uangalie chini ya washa.